Kibuyu cha Kipkorir Kisikae Kikavu

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Hezekiah Mathenge, Katibu wa Kamati ya Maktaba za Vyuo. Bwana Mkuu wa Chuo cha Kilimo cha Sirikwa. Walimu na wanafunzi. Wazee, akina mama na majirani wote mliofika: hamjambo.

KARIBU

Sisi ni Wasomaji wa Jumamosi. Tulio mbele yako ni wakamuaji wa ng'ombe, wapishi, wachungaji, mafundi na wenye maduka. Wengi wetu hatukukaa kwenye dawati hata siku moja, lakini maktaba hii tunaiita yetu, na Mkuu wa Chuo akitusikia hucheka tu. Mimi ninayesoma ni Sally Wamuyu, fundi wa cherehani. Nimechaguliwa kwa sababu sauti yangu inafika mbali. Mume wangu amelalamika juu ya sauti hiyo tangu tuoane, na leo amekaa mstari wa mbele akiisifu.

Karibu sana, Mheshimiwa. Tumefagia baraza, tumepanga viti, na yule mbuzi anayependa kulala mlangoni tumemfunga kwa jirani. Ukisikia mtu analia nyuma ya jengo, ni yeye.

TULIKOTOKA

Mwaka wa hamsini na tatu Mkuu wa Chuo alisema maktaba isiwe ya vitabu peke yake. Wenyeji nao walete vitu vyao viwekwe rafuni, ili wanafunzi wajue wanaishi kati ya watu gani. Akamtuma Bwana Micah Khaemba, karani wa maktaba, azunguke na mkokoteni katika kambi za wafanyakazi. Mheshimiwa, tuseme ukweli: tulimpa takataka. Alipata chungu kilichovunjika mdomo, jembe lisilo na mpini, na kigoda cha miguu miwili. Tulisema kama wanataka vitu vya kale, basi vya kale tunavyo tele.

Mama Chepkosgei, yule aliyekaa karibu na nguzo, hakungoja mkokoteni. Alikuja kwa miguu yake akiwa amebeba kibuyu chenye shanga shingoni, kinachong'aa kwa kushikwashikwa, na ndani kilikuwa na maziwa mala, yale yaliyoganda. Khaemba akachukua kalamu, akaandika kikaratasi cha kubandika: Kibuyu, cha kale.

"Karani, umeandika nini hapo?" mama akauliza.

Khaemba akamsomea.

"Futa hiyo. Hii si ya kale. Hii ni ya Kipkorir."

Kipkorir ni mwanawe. Wakati wa vita vikuu alichukuliwa jeshini akapelekwa Burma. Kwao mtoto huwa na kibuyu chake, na siku mama alipomsindikiza hadi stesheni ya Longonot, karibu na shamba walilokuwa wakilifanyia kazi, alimwahidi kwamba akirudi hatakuta kibuyu kikavu. Vita vikaisha. Wenzake wakarudi na makoti yao mazito. Serikali ikasema Kipkorir amepotea. Haikusema amekufa, ilisema amepotea, na mama akalishika neno hilo. Kitu kilichopotea huwekewa mahali pake.

Sasa mwaka huo wa hamsini na tatu, ulipokuwa wakati wa Hali ya Hatari, kambi nyingi zilibomolewa na watu wakahamishwa. Sisi wengine hatukuweza hata kuvuka barabara bila kipande, kile cheti cha ruhusa. Mama alipewa chumba kinachovuja kila kona. Akaangalia nyumba zote za hapa, akaona iliyo kavu kuliko zote ni hii ya vitabu.

"Kaa nayo," alimwambia Khaemba. "Lakini mimi nitakuja kuweka maziwa. Kijana akifika asikute kavu."

Akaja Jumamosi iliyofuata, na kila Jumamosi baada ya hiyo. Alimimina maziwa ya zamani, akachoma kijiti cha mti wa senetwet, akausugua mkaa wake ndani ya kibuyu mpaka kikanukia moshi, kisha akatia maziwa mapya. Yale ya zamani hakuyamwaga, maana maziwa hayamwagwi. Alikaa barazani akamwita kila aliyepita aje anywe. Walikuja watoto, kisha mama zao, kisha baba zao waliosema wanawatafuta watoto. Kwa kuwa kibuyu ni kimoja na midomo ni mingi, watu walikaa kungoja zamu, na Khaemba, ambaye hawezi kuvumilia kuona watu wamekaa bure, akaanza kuwasomea gazeti. Ndivyo kikundi hiki kilivyozaliwa. Jiwe la msingi pale mlangoni linasema jengo lilifunguliwa na Gavana. Kwetu sisi lilifunguliwa na maziwa ya Kipkorir.

TULICHOVUNA

Leo baraza hili halitoshi. Khaemba anatusomea habari za ndigana, ule ugonjwa wa ng'ombe, na za mbolea, na wanafunzi wanatuuliza majina ya majani ambayo ng'ombe hukataa. Zile takataka zetu tulizichukua kimyakimya tukaleta vitu vya kweli. Bi. Bhagwanti, mke wa Ratilal mwenye duka, alileta taa ya shaba ya mama yake, na kila Diwali huja kuiwasha. Habari ya moto katikati ya vitabu ilimnyima Khaemba usingizi. Mwishowe tulielewana: taa inawashwa barazani, ndoo ya maji inakaa kando, na Khaemba anasimama katikati.

Na mimi mwenyewe, Mheshimiwa, nilikuja hapa kwa ajili ya maziwa. Sikujua herufi hata moja. Risala hii nimeiandika kwa mkono wangu. Nitalisema hilo mara moja tu hapa, ingawa nyumbani nimelisema mpaka wamechoka.

YALIYOTUKWAZA

Mwaka jana Kamati yako ilituletea kabati la kioo lenye kufuli. Tulipiga vigelegele. Vitu vyetu vilipendeza mle ndani kama vitu vya dukani. Ufunguo ukakaa ofisini, na ukutani ukapigiliwa ubao wa kanuni mpya, ya kwanza ikiwa kwamba ni marufuku kula wala kunywa katika maktaba.

Mama akaja Jumamosi yake kama kawaida, akaambiwa ufunguo umekwenda mjini na mwenye ofisi. Jumamosi nyingine akaambiwa kanuni ni kanuni. Alikaa pale akiwa na maziwa yake kwenye kopo, akikitazama kibuyu kupitia kioo. Mheshimiwa, wewe ni mtu wa milimani kwa wakulima na huenda hulijui jambo hili, basi tukueleze. Kibuyu kisichotiwa maziwa hukauka, na kikikauka sana hupasuka. Siku kabati lilipofunguliwa tulikikuta na ufa kutoka shingoni hadi tumboni.

Sisi tulilia, wanaume kwa wanawake. Mama hakulia. Alisema, "Leteni sindano."

Nilimpa yangu kubwa ya kushonea magunia. Ngigi fundi viatu akakata uzi mwembamba wa ngozi, na mama akakishona pale barazani, tundu kwa tundu, akapaka nta. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na yeye aliziba. Mshono wake unauona kutoka hapo ulipo. Hauvuji.

Sasa tumeambiwa kwamba mwisho wa mwezi huu vitu vyote vitapakiwa kwenye treni viende Nairobi, katika jumba jipya, vikatunzwe na wataalamu. Tunajua nia ni njema, na tunashukuru kwamba watu wakubwa wameona vitu vyetu vina thamani. Lakini ilibidi mtu amweleze Mama Chepkosgei, na kazi hiyo nilipewa mimi na sauti yangu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza:

"Hiyo treni inapita Longonot?"

Nilijifanya natafuta uzi chini ya meza.

OMBI LETU

Wengine wakipata mgeni huomba bati, saruji na barabara. Barabara yetu umeipitia, imekwisha kuomba yenyewe. Sisi tunaomba vitu hivi vibaki hapa kwa wenyewe, na kabati lifunguliwe siku ya Jumamosi. Kama ni lazima Nairobi nayo ipate kitu, kile kigoda cha miguu miwili bado tunacho, na tutakisindikiza hadi stesheni kwa nyimbo.

Mama amezeeka, Mheshimiwa. Macho yake yamefifia, na siku hizi anakijua kibuyu kwa vidole. Chepkemboi, binti wa ndugu yake, ameanza kujifunza kuchoma kijiti na kukisugua, kwa hiyo kazi hii haitakufa na mtu mmoja. Hatukuombi utuahidi kwamba Kipkorir atarudi. Mama mwenyewe hajawahi kutuomba hilo. Tunaomba tu mahali pake pasitiwe kufuli.

Desturi ya risala ni kumalizia kwa zawadi. Tulikaa tukafikiri, tukaona hatuna ya kukupa, maana kibuyu kilichotolewa kabatini leo na kuwekwa mezani mbele yako kina mwenyewe. Mama alikisugua mkaa akatia maziwa. Ukiona yana rangi ya majivu usishtuke, ni mkaa wa senetwet. Ubao wa kanuni uko ukutani nyuma yako, na hatuwezi kusingizia kwamba hatujui unasema nini, kwa sababu siku hizi tunasoma. Tunakuomba uendelee kuupa mgongo hivyo hivyo ulivyokaa, uinue kibuyu, unywe, kisha umrudishie mama mkononi. Mambo ya maktaba ndivyo yalivyo: ukiazima, unarudisha.

Mungu akujalie safari zenye kwenda na kurudi, na kila unaporudi ukute nyumbani wamekuwekea.

Ni sisi Wasomaji wa Jumamosi,
Chuo cha Kilimo cha Sirikwa, Nakuru, Agosti 1959,
sote tuliopo, pamoja na Kipkorir.