Bi Adelina Feruzi, Diwani Wetu Aliyegeuka Mwendesha Mashtaka

Mchungaji, kaka yangu Ulimboka, watoto, ndugu, majirani wa Woolwich na nyinyi mliotoka Barking, Kilburn na mbali zaidi kwa mvua hii ya Februari, familia imenituma mimi, shemeji wa marehemu, nisimame mbele yenu nisome safari ya maisha yake, na kwa kuwa shemeji ana ruhusa yake ya utani mtanivumilia kidogo, maana yeye mwenyewe angeniona nimesimama wima namna hii na tai shingoni angeuliza nani kanifunga.

Adelina alizaliwa tarehe 14 Agosti 1946 huko Mbweni, Unguja, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Gabrieli Feruzi, karani wa mahakama, na marehemu Bi Pelagia, mshonaji, akasoma shule ya misheni mjini Mkunazini kuanzia mwaka 1953, na kila alipotoka darasani alimpelekea baba yake chakula mahakamani, akakaa benchi la nyuma kusikiliza kesi za kuku walioibwa na mipaka ya mashamba, kisha akirudi nyumbani anawapanga wadogo zake barazani, huyu mshtakiwa, huyu shahidi, yeye hakimu, na ole wake atakayecheka. Unguja ile hakuiacha kamwe, jamani, hata baada ya karibu miaka hamsini ya London mkate wa kumimina wa huku alisema ni keki yenye matatizo, na mvua ya huku alisema haina adabu, kwa sababu ya kwao hunyesha ikaisha watu wakaendelea na kazi.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 baba yake alipoteza kazi, na mwezi Mei mwaka huohuo familia ilihamia Dar es Salaam, Magomeni, ambako Adelina alimaliza kidato cha nne mwaka 1965, akafanya kazi ya ukarani kwa muda, akaomba nafasi ya kusomea unesi Uingereza, akapata, na tarehe 10 Septemba 1967 alishuka Heathrow na sanduku moja na sweta moja lililofumwa na mama yake, ambalo ndani ya saa moja lilionekana wazi kwamba halitoshi.

Aliyempokea uwanjani siku hiyo ni Mzee Himid, ambaye wengi mnamfahamu kama mwenyekiti wa miaka mingi wa chama chetu cha watu wa nyumbani hapa London, aliyekuwa karani mwenzake Mzee Feruzi kule Unguja kabla hajakimbilia London mwaka 1964, akavua koti lake mwenyewe akamvisha, akamleta Kilburn kwenye vyumba viwili alivyopanga na marehemu mkewe, Bi Nasim, na hapo Adelina aliishi miezi minne kama mtoto wa nyumba, Bi Nasim akimpikia mchuzi wa nazi ya kopo na kumfundisha kutia shilingi kwenye mita ya gesi, na kuanzia wakati huo alimwita Mzee Himid Baba, tena si kwa heshima ya mdomoni tu. Siku alipofunga ndoa na kaka yangu Ulimboka Mwaisaka, fundi wa reli kutoka Tukuyu, Jumamosi tarehe 18 Aprili 1970, baba yake mzazi hakuweza kusafiri, basi Mzee Himid, Mwislamu safi asiyekosa swala, alivaa kanzu yake nyeupe na koti juu, akamshika mkono binti yake, akamtembeza kanisani mpaka mbele, akamkabidhi, halafu akatoka nje kulia peke yake akidhani hatumwoni. Tulimwona, mzee wetu.

Mungu aliwajalia watoto wawili, Tusekile aliyezaliwa mwaka 1972 na Lusajo aliyezaliwa mwaka 1975, na baadaye wajukuu watano, ambao wanaelewa Kiswahili chote lakini wakijibu ni Kiingereza kitupu, na bibi yao alikuwa na dawa yao, biskuti hazitoki kabatini mpaka ziombwe kwa Kiswahili, na ndiyo maana wote watano hutamka neno biskuti bila kosa, mengine bado wanajifunza.

Unesi aliufanya hapa Woolwich kwa miaka kumi na mbili, na ni wodini alikopata hasira iliyomwingiza kwenye siasa, kwa sababu aliona watoto wa kifua wakipona, wakirudishwa kwenye nyumba za kaunsili, yaani za halmashauri, zenye ukungu ukutani, wakirudi wodini tena baada ya wiki tatu, mpaka siku moja akamwambia kaka yangu kwamba yeye amechoka kuuguza kuta. Akasoma sheria jioni huku analea, akahitimu mwaka 1980, akafungua meza ya ushauri wa wapangaji, na tarehe 6 Mei 1982 akachaguliwa kuwa diwani, na aliyetembea naye mlango kwa mlango miezi mitatu mizima, akipanda ngazi za magorofa yasiyo na lifti, ni nani kama si Mzee Himid, ambaye Kiingereza chake cha mahakama ya zamani kiliwashangaza Waingereza wenyewe hata wakasahau kufunga mlango. Miaka ile minane ya udiwani, wanaoikumbuka wanaikumbuka kwa raha, maana nyumba yake haikuwa nyumba, ilikuwa stesheni, huyu kaleta barua ya Home Office, wale wa uhamiaji, huyu boila imekufa, huyu mtoto kafukuzwa shule, birika la chai halikushuka jikoni, na kila mmoja aliondoka akisema tuna mtu wetu.

Mwaka 1990 hakugombea tena, akajiunga na waendesha mashtaka wa Serikali, na wengi walimshangaa, iweje mama wa kutetea watu aende kushtaki watu, naye alijibu kwamba anayepigwa na kuibiwa pia anahitaji mtu wa kumsemea, akaifanya kazi hiyo kwa miaka kumi na minane hadi alipostaafu mwaka 2008, na wenzake wa kazini walioko hapa watawaambia kwamba mahakamani hakupandisha sauti hata siku moja, alikuwa akivua miwani tu, na shahidi mwongo akiona miwani imevuliwa anaanza kutafuta maji ya kunywa.

Sasa nafika mahali ambapo familia ilijadili kama nisome au niruke, na marehemu mwenyewe alikwisha sema pasomwe, na Abdulsamad, mpwa wa Mzee Himid, ameniruhusu nimtaje. Jumamosi tarehe 12 Oktoba 1996, Abdulsamad akitoka harusini Barking, akiendesha kwa kasi, alimgonga kijana wa baiskeli, akaingiwa na hofu, akakimbia. Jumapili mchana Mzee Himid na wazee wengine wawili wakamchukua kijana wao, wakabeba kapu la maembe na boksi la halua, wakaenda wapi? Kwa Adelina! London nzima hii, wakampeleka mtu wao sebuleni kwa mwendesha mashtaka, wakaeleza kila kitu mpaka rangi ya gari, kwa sababu machoni pao bado alikuwa diwani, na diwani ndiye anayejua mlango wa kugonga. Mzee Himid akamaliza kwa kusema, "Wewe ni mwanangu, na wale ni watu wako wa kazi, ongea nao." Adelina akauliza swali moja tu, "Aliyegongwa, yu hai?" Hakuna aliyekuwa anajua.

Akamwambia Abdulsamad avae viatu waende pamoja polisi, kijana akataka kunyanyuka, mzee akamshika bega akamkalisha, ndipo Adelina akasema kama hawaendi atapiga simu, na Mzee Himid akamjibu kwamba akiinua simu ile basi yeye si baba yake tena. Kaka yangu alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni, anasema mkewe alikosea namba, akaanza upya, akapiga. Kesi yenyewe hakuigusa, aliieleza ofisi yake kesho yake asubuhi wakamweka kando kabisa, na yule kijana wa baiskeli, Bwana Jitendra, Mungu ni mwema, alipona, yuko pale na fimbo yake, lakini Abdulsamad alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja na nusu, na Adelina akasusiwa.

Mnajua watu wetu wakisusa. Tarehe 21 Juni 1997 Tusekile aliolewa, ukumbi ulipambwa, pilau ilipikwa ya watu mia tatu, na chama kizima hakikutokea, viti vitupu toka jukwaani mpaka mlangoni, mama wa bibi harusi amesimama na gauni lake jipya akitazama barabara kumngoja mtu mmoja. Jirani yake Bi Pushpa, aliyezaliwa Nairobi na asiyependa upuuzi, alipoona hivyo alifunga duka akaleta ukoo mzima, makarani wa mahakama wakaja na wake zao, wakala pilau kwa mikono kwa mara ya kwanza maishani, na kaka yangu akacheza kwa niaba ya wote waliokosekana. Harusi ilifana. Lakini usiku ule Adelina alilia, na hakuwa mtu wa kulia.

Abdulsamad alitoka mapema, Januari 1998, na mlango wa kwanza aliogonga ni wa Adelina, akasema kwamba mama huyu hakumfunga, alijifunga mwenyewe, akala, akarudi kesho yake, akawa kama mtoto wa tatu, lakini haya basi, aliyefungwa kasamehe na waliosusa bado wamenuna! Mmoja mmoja wakarudi kadiri miaka ilivyokwenda, isipokuwa mmoja. Kila Jumamosi sokoni Woolwich Adelina akimwona ng'ambo ya meza za mboga aliita kwa sauti, "Shikamoo Baba!" na Mzee Himid akazikagua nyanya kana kwamba zina habari za dunia, na kaka yangu alipomwambia mkewe aache kujidhalilisha alijibu kwamba yeye hakusema mtu yule si baba yake, aliyesema ni mwingine.

Mwezi Machi 2012 madaktari walimkuta na saratani ya ini, Abdulsamad akawa dereva wake wa hospitali, taratibu, chini ya spidi iliyoruhusiwa, na Jumatano tarehe 12 Februari 2014, saa kumi alasiri, Adelina aliaga dunia nyumbani kwake, mumewe na watoto wakiwa kando yake.

Familia inawashukuru madaktari na manesi waliomhudumia, majirani wote na kwa namna ya pekee Bi Pushpa, waendesha mashtaka wenzake, wapiga kura wake wa zamani, kanisa, na wote mliochangia kwa hali na mali, Mungu awarudishie palipopungua.

Jambo la mwisho ni la wabebaji. Marehemu aliwachagua mwenyewe mwezi Desemba, watu sita, Lusajo, Abdulsamad, wajukuu wawili wakubwa, mimi, na mbele upande wa kulia Mzee Himid. Tulimwambia kwamba mzee ana miaka themanini, hajakanyaga nyumbani kwa kaka yangu tangu mwaka 1996 na huenda asije kabisa, akasema nafasi ile asiwekwe mtu mwingine, akikataa basi atabebwa na watano, hata kama jeneza litalala upande. Mzee wetu, umekuja, umekaa kiti cha nyuma karibu na mlango, hatukulazimishi, ukiweka mkono tu inatosha, uzito tutaubeba sisi.

Ndugu zangu, naomba mumpishe njia, anakuja.

Pumzika kwa amani, shemeji yangu. Wabebaji wako wametimia.