Thembo Aliyeleta Tambi Bwera

Mbele ya hoteli yangu hapa Bwera, kando ya barabara ya kwenda mpakani, iko fomu moja, benchi refu la mbao. Kila asubuhi nawamwagia kahawa wateja wangu wawili, na wao wananimwagia uongo. Hoteli inaitwa Kwa Thembo, Chakula cha Kiitalia, na leo imetimiza miaka arobaini. Wageni wanafika saa sita. Nobert wa rangi yuko juu ya ngazi, ameshaandika ukutani HISTORIA YETU, na chini yake hakuna kitu. Mjukuu wangu Gorret, ndiye mkubwa wa jiko siku hizi, anataka kujua huyo Thembo alikuwa nani. Akamuuliza nani? Mimi Erina niliyeanzisha hoteli? Wapi! Akachukua daftari akaenda kwenye fomu. "Jajja, wewe unatania sana," aliniambia, "na rangi ya ukuta haifutiki." Sawa. Nikashika birika, nikafunga mdomo.

— Afande, nisaidie, Gorret akamwambia Kosmasi, ambaye jeshi lilimwacha zamani lakini sauti akabaki nayo. Juzi mjini Kasese mgeni aliniuliza, nyinyi Waitalia wa wapi? Watu wakacheka. Leo sitaki aibu.

— Andika! Thembo alikuwa askari. Vita ya Wazungu ilimpeleka Italia. Akavamia jiko la adui peke yake. Sufuria zote, mikono juu!

— Sufuria iko na mikono?

— Masikio basi! Akarudi nazo mateka. Ndiyo wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Achille, muuza vitenge wa Butembo tunayemwita Patron, akaweka kikombe chini.

— Afande, unadanganya mutoto ya watu. Thembo ilikuwa mutu ya kwetu. Alibeba kahawa kichwani, kwa miguu, mpaka Roma. Kufika, anakuta Waitalia beko wanakula majani. Akawaonea huruma. Tambi ni yeye alibafundisha!

— Yaani Waitalia walijifunza kwetu? Gorret akauliza, kalamu juu.

— Oui! Na unajua sababu gani tambi iko murefu? Haraka haraka haina baraka.

Nikamwongezea kahawa. Mtu akidanganya vizuri namna hiyo, koo lake linakauka.

— Wewe Patron, Afande akaruka, umeona ramani? Italia iko kama gambuti. Sasa gambuti ni ya nani? Ya Thembo! Aliivua akaisahau kule, majani yakaota juu, Wazungu wakajenga.

— Na ingine? Patron akauliza.

— Ingine alirudi nayo. Angetembeaje na mguu mtupu?

— Gorret, saa tano hii, Nobert akaita. Rangi inakauka. Niandike askari ama gambuti?

Gorret akaangalia daftari lake, macho yakaanza kujaa maji. Ulimi wangu ukawasha, lakini nikajiambia, Erina, ngoja uulizwe.

Hapo akapita Geneviève, mama mmoja wa Beni anayeniletea nyanya. Akatua beseni, akasoma ukuta, akasikiliza kidogo.

— Pardon, mimi niulize tu. Thembo ya huku ni kama Katembo ya kwetu, mutoto mwanaume wa tano. Sasa wale kaka zake wanne, kuanza Baluku, ule wa kwanza, beko wapi?

Afande akahesabu vidole. Patron akatazama ndani ya kikombe. Ukoo wangu wote wanaujua, na hakuna nyumba iliyozaa wanaume watano.

Gorret akageuka polepole.

— Jajja, kaka zake wako wapi?

— Italia.

— Italia?

— Thembo mwenyewe ndiye Mwitalia. Fundi wa lori. Mpaka ulifungwa, lori likalala uani kwangu miezi miwili. Babu yako akamuuliza, kwenu wewe mwanaume wa ngapi? Akaonyesha vidole vitano. Babu akasema, basi wewe Thembo, ingia ule. Jina lake lile lingine lilitushinda. Alipochoka na ugali wa muhogo akaomba unga wa ngano na mayai, akanionyesha kukanda. Mwanzo nilimpikia kamba za viatu. Akala, maskini, akasema nzuri.

— Jajja! Miaka yote hii hukusema?

— Uliniuliza?

— Hiyo ndiyo nilikuwa nafikia, Afande akasema.

Gorret akacheka mpaka akanikumbatia na birika langu. Halafu akafunga daftari.

— Nobert, andika: Thembo alikuwa mgeni. Erina alimpa ugali, yeye akampa tambi. Kaka zake wanne wakifika hapa, watakula bure.

Brashi haijagusa ukuta, Afande akasimama, akapiga saluti.

— Baluku nimefika!