Mkono wa Gervasi Mbele ya Lenzi

Tarehe 30 Juni 1981 Ndugu Gervasi anastaafu kazi ya kuonyesha sinema ya gari, Biharamulo na Ngara, aliyoianza mwaka wa Uhuru. Naandika mimi Pancras, dereva wake. Hakuna anayemjua zaidi yangu, na barabara za huku hakuna aliyeziweza ila mimi.

Alipelekea vijiji vya ujamaa picha za samadi na vyoo bora, kisha, ili watu wasiondoke, mikanda ya zamani ya Ulaya ya mapenzi. Pale Rusumo hata viboko walitoka mtoni wakakaa nyuma ya akina mama. Anayebisha aniulize.

Amri ya ofisi ilikuwa kwamba wapendanao wakikaribiana, mwonyeshaji azibe lenzi kwa kiganja. Watu walinung'unika, "Gervasi, toa mkono, sisi si watoto." Hakutoa. Picha zote hizo zilimwangukia yeye kiganjani.

Jioni moja ya mwaka 1978, kule Nyamigogo, mkewe Zita alikaa mbele. Kwenye mkanda mwanamke mtu mzima alifungua gauni mbele ya kioo, akajitazama bila haya, mumewe naye akimtazama, taa inawaka. Gervasi alichelewa kuziba.

Tukifunga jenereta, Zita akaja.

"Baba Audax, kumbe haya unayajua?"

"Nayaona tu kazini."

"Na nyumbani unazima taa kabla sijavua kitenge. Nimezeeka sijui kama mwili huu umewahi kukupendeza."

Gervasi akaahidi kumwonyesha mkanda wote bila mkono. Zita akaenda kwao Ngara, akasema atarudi siku ya kuonyeshwa mkanda huo.

Vita ikaja. Gari letu likachukuliwa kubeba majeruhi, nami nikaliendesha risasi zikinikwepa zenyewe. Lilirudi bila mashine ya sinema. Mikanda ikaozea stoo. Nikamwambia amfuate mkewe. Akasema, "Niende na nini?" Tangu hapo huja ofisini akafuta lenzi moja iliyobaki, akarudi kwenye nyumba tupu.

Juzi nimemwambia nitampeleka Ngara mwenyewe. Amekataa. Anasema macho yamefifia, hata Zita akikubali, atamtazama kwa macho gani.

Asante kwa kazi, Ndugu Gervasi. Tunakutakia mapumziko mema. Gari nimelitia mafuta, liko nje. Ukifika kwa Zita, usizime taa.