Jentrix Nalianya, Mwenye Unga wa Nali

Waombolezaji wapendwa, mlio nje tunawaomba msogee chini ya hema, kwa maana mama huyu hakupenda kuongea na mtu aliye mbali, na familia ya Timothy Khaemba wa Kongo, Kawangware, ingependa kila mmoja asikie vizuri safari ya mpendwa wao, na kama kuna mahali mtashikwa na kicheko, chekeni, yeye mwenyewe angewatangulia.

Jentrix Nalianya Khaemba alizaliwa tarehe 9 Machi 1974 katika kijiji cha Kamukuywa, karibu na Kimilili, kaunti ya Bungoma, akiwa mtoto wa tano kati ya wanane wa marehemu Mzee Sikuku na marehemu Mama Roselyne Nekesa, siku ya mvua kubwa ambapo barabara haikupitika, hivyo aliyempokea ni nyanya yake mzaa baba, naye akapewa jina la nyanya huyo, Nalianya.

Alianza masomo mwaka wa 1981 katika shule ya msingi ya kijijini, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka wa 1989, akajiunga na sekondari, na alikuwa kidato cha pili mwishoni mwa 1991 baba yake alipougua, karo ikakosekana, akarudi nyumbani kulima, jambo ambalo hakulilalamikia mbele ya watu, ingawa vitabu vyake vya kidato cha pili alivihifadhi hadi watoto wake mwenyewe walipovitumia.

Mnamo Februari 1993 alikuja Nairobi, akafikia kwa shangazi yake mtaa wa Lindi, Kibera, akafanya kazi za nyumba mtaa wa Woodley, kisha akawa mpishi katika hoteli ndogo ya mabati, na hapo hotelini ndipo alipokutana na fundi wa mbao aliyekuwa akiagiza uji tu, asubuhi na jioni, mpaka wenzake wakadhani ana ugonjwa wa tumbo, na fundi huyo, Timothy Khaemba, ndiye aliyefunga naye ndoa takatifu siku ya Jumamosi, tarehe 20 Desemba 1997, katika Kanisa la Marafiki kule Kimilili. Mungu aliwabariki na watoto watatu, Valerie mwaka wa 1998, Marion mwaka wa 2001, na Simeon mwaka wa 2006, na mwaka wa 2003 familia ilihamia hapa Kongo, katika ploti ya Mzee Gikonyo wa Riruta.

Sasa tufike kwenye kazi, kwa sababu wengi wenu mlimjulia hapo. Januari 2009 Jentrix alianza kubeba uji kwenye mtungi hadi kwenye mijengo ambako mumewe alikuwa akifanya kazi, uji wa wimbi, mtama, mihogo na njugu alioupima kwa mkono wake, na mafundi waliokunywa saa nne walikuwa wakibeba njaa yao mpaka saa nane bila kuisikia, wakaanza kumwomba unga wenyewe wapeleke nyumbani. Mwaka wa 2011 akaanza kuupakia kwenye mifuko ya khaki, na ndipo akagundua kwamba mteja akiupenda, hana jina la kuuitisha dukani, anaonyesha tu kidole na kusema ule wa yule mama.

Jina lilipatikana kwa ukosefu wa pesa. Jentrix alitaka kuandika Unga Bora wa Nalianya, lakini mwandishi wa mabango alitoza kwa herufi, Jentrix akaanza kupunguza pale pale barabarani, akatoa Unga Bora, akasema mwenye macho ataona ni unga, akalikata na jina lenyewe katikati, zikabaki herufi nne, NALI. Muhuri wa kupiga kwenye mifuko aliuchonga Timothy kutoka kwa soli ya patipati kuukuu, akazichonga herufi vizuri sana jinsi zinavyosomwa, na muhuri ulipopigwa zikatoka kinyumenyume, ILAN, lakini mifuko arobaini ilikuwa imeshapigwa na hakukuwa na mingine, ikauzwa hivyo hivyo, na wako akina mama wa Lindi ambao hadi leo huuita unga wa Ilani.

Ukuta wa Mzee Gikonyo unaotazama njia ya kwenda Riruta Satellite ndio uliokuwa ukitamaniwa na kila mfanyabiashara wa kuchora tangazo, na Mzee alikuwa akiukodisha, lakini mwaka wa 2012 Jentrix alimwendea mikono mitupu, akamwambia, “Mzee, pesa sina, lakini ukinipa ukuta nitakuletea kikombe cha uji kila asubuhi.” Mzee akauliza, “Hata nikiwa mgonjwa?” Naye akajibu, “Ukiwa mgonjwa ni vikombe viwili.” Mzee Gikonyo yuko hapa mbele, ana miaka themanini na nane, na anashuhudia kwamba kwa miaka kumi na mitatu kikombe hakikukosa, na kwamba mara kadhaa alijifanya mgonjwa.

Mwaka wa 2014 nahodha wa timu ya mpira ya Kongo Youngsters alikuja kuomba msaada wa jezi, Jentrix akamwambia uwezo wake ni jezi moja. “Moja? Tuvae wote kumi na moja, Mathe?” nahodha akauliza, naye akasema, “Nipeni ya golikipa.” Alikuwa amewatazama wakicheza mara mbili, na mara zote mbili mpira ulikaa upande wao tangu mwanzo hadi mwisho. Basi Jumapili ya tarehe 3 Agosti 2014, katika uwanja wa Kamukunji kule Kibera, walipocheza na timu ya Laini Saba, golikipa Mutiso aliingia na jezi ya rangi ya machungwa iliyoandikwa NALI kifuani na mgongoni, na kwa dakika tisini hakupumzika, aliruka, alianguka, alipangua kwa ngumi, kwa goti na mara moja kwa uso, mashabiki wa Laini Saba wakadhani hilo ndilo jina lake, wakaanza kumshangilia mpinzani wao, Nali, Nali, na ingawa Kongo walifungwa moja bila, Jentrix alirudi nyumbani kwa miguu akiimba, Timothy akimfuata nyuma akimwambia apunguze sauti. Jumatatu maduka ya Kibera yaliulizwa unga wa golikipa, na kufikia mwisho wa wiki hiyo akawa hana mfuko hata mmoja.

Hata hivyo familia haitaki kuwasomea mazuri peke yake. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 12 Machi 2019, Jentrix alionja uji wake kama kawaida na ulimi ukakataa, ulikuwa mchungu kwa nyuma, akaenda moja kwa moja kwenye gunia la njugu, akalimwaga chini, na katikati akakuta ukungu wa kijani. Siku hizo oda zilikuwa nyingi, alikuwa amelifungua gunia juu tu bila kulichunguza hadi chini, na pakiti zaidi ya mia tatu zilizotokana na njugu zile zilikuwa zimeshatoka tangu Jumamosi, nyingi zikiwa Kibera, kwenye nyumba zenye watoto.

Timothy, ambaye ameruhusu jambo hili lisomwe, alimwambia, “Mama Valerie, nyamaza. Watakunywa, watasahau. Ukijitangaza umejizika mwenyewe.” Hakusema kwa ubaya, walikuwa wamebakisha miezi mitatu tu kununua mtambo wao wa kusaga, akiba ya miaka minane. Jentrix alikaa kwenye kiti, akanywa maji, kisha akasema, “Baba Valerie, mtoto akiugua na mimi nilijua, hilo jina nitaliita aje tena?” Akaenda kanisani kuazima kipaza sauti.

Siku hiyo na iliyofuata alitembea kutoka Kongo hadi Lindi, akisimama kila kona na kusema maneno yale yale, kwamba yeye ndiye mwenye Nali, kwamba unga wa wiki hii umeharibika na kosa ni lake kwa sababu alikuwa na haraka, kwamba mtu asimpikie mtoto, arudishe pakiti hata kama ameifungua, na Ijumaa ataletewa nyingine bure. Kule Lindi watu walisimama wakimtazama kimya, hakuna aliyemtukana na hakuna aliyemjibu, na yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba kimya kile kilimtisha kuliko matusi, akajua biashara imekwisha. Ndipo Adero, mwenye duka ambaye alikuwa ameuza Nali tangu enzi za Ilani, alipotoka na pakiti zake zote kwenye karai, akaziweka chini mbele yake na kuuliza, “Ijumaa saa ngapi?” Jentrix akalia hapo barabarani, kipaza sauti kikiwa bado kimewashwa, na mtaa mzima ukamsikia akivuta kamasi na kujibu, “Saa tatu.”

Ijumaa saa tatu alifika na mkokoteni, akiwa ameitumia akiba ya mtambo kununua nafaka safi na kuzisagisha upya. Tunamshukuru Mungu hatukusikia mtoto aliyeugua. Habari ile ilitembea kuliko bango lolote, na Mei mwaka huo mwalimu mkuu wa shule moja ya watoto wadogo huko Riruta Satellite alimpa oda ya kila wiki, akisema anamtaka muuzaji atakayempigia simu mwenyewe kukiwa na shida, na baada ya shule hiyo zikaja tano nyingine.

Mtambo ulichelewa kwa miaka mitatu, lakini ulikuja, ukafungwa katika ploti ya Mzee Gikonyo siku ya Jumamosi, tarehe 4 Juni 2022, na Jentrix, aliyekuwa amevaa nguo zake za kanisani, akauwasha kabla fundi hajamaliza kufunga kifuniko, unga ukaruka juu ukamshukia kichwa hadi viatu, akacheza ngoma ya isukuti akiwa amejaa unga hivyo hivyo, na wanawake tisa walioajiriwa siku hiyo bado wako kazini.

Mnamo Februari 2024 aligunduliwa kuwa na shinikizo la damu lililokuwa limeharibu figo, akaanza kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, na daktari akampangia chakula kipya ambacho uji wake haukuwemo. Katika yote hayo, hilo ndilo lililomwuma. Kila asubuhi Valerie alipika uji wa unga mpya, akauonja mbele ya mama yake, na mama akawa anamhoji, mzito au mwepesi, njugu inasikika mwanzo au mwisho, na Valerie akikosea anaambiwa aonje tena, ikawa hivyo kwa mwaka mmoja na miezi tisa.

Jumanne, tarehe 11 Novemba 2025, saa mbili asubuhi, akiwa amelazwa tangu Ijumaa, Jentrix alimwuliza Valerie habari za unga wa siku hiyo, Valerie akasema, “Uko sawa, mum, lakini wimbi imezidi kidogo.” Mama akatabasamu, akafunga macho, akasema, “Basi punguza. Usiniulize tena.” Alilala, na saa nane mchana akatuacha, akiwa na umri wa miaka hamsini na moja. Ameacha mume, watoto watatu na mjukuu mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, waliomvumilia alipokuwa akiwauliza watoto wao hunywa nini asubuhi, inawashukuru majirani wa Kongo na Lindi, Mzee Gikonyo na jamaa zake wa Riruta, washirika wa kanisa, timu ya Kongo Youngsters, na wale wanawake tisa ambao leo alfajiri, kabla ya kuja hapa, waliwasha mtambo kwa sababu ni siku ya kupeleka unga shuleni. Uji uko tayari pale nyuma ya hema, kila mtu anywe kabla ya safari ya Kimilili.

Jentrix, Mama Valerie, umechoka kwa haki. Pumzika sasa, na amani ya Mungu ikufunike.