Mabegi Yalipanda, Mjomba Gyurme Akabaki

Marehemu Gyurme Dhondup alizaliwa kijijini Tarkha, Dolpo ya Juu, huku kwetu kwenye milima mirefu ya mpakani, Mwaka wa Jogoo wa Moto, yaani 1957, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Rigzin na Mama Palmo. Mimi ninayesoma wasifu huu ni Dolkar, mtoto wa dada yake, na nilikuwa mpishi katika msafara wake wa mwisho. Jana Lama Urgyen, kiongozi wetu wa dini, aliisoma karatasi hii akaniambia, "Binti, punguza moto. Marehemu bado anasikia. Akisikia hasira atageuka nyuma, njia itampotea." Nikamjibu, "Basi asikie, Lama. Alipokuwa hai alinyamazishwa vya kutosha." Nimepunguza. Si sana.

Shule haikuwepo Tarkha enzi zake. Kuanzia 1967, majira matatu ya baridi, alikaa na baba yake mdogo katika nyumba ya watawa iliyo juu ya kijiji, akajifunza kusoma vitabu vya dini na kuchonga sala kwenye mawe bapa. Kila mtu akifa hapa kwetu, Mjomba alimchongea jiwe, likawekwa kwenye ukuta mrefu wa sala ulio kwenye njia ya kupandia mlimani. Wengi mliokaa hapa mna mama au baba kwenye ukuta ule, na mkono uliochonga ni wake.

Ujana wake aliumaliza nyuma ya yaki, wale ng'ombe wa manyoya marefu, akipeleka shayiri ng'ambo ya mpaka na kurudi na chumvi. Bonde lilipofunguliwa kwa wageni akawa kiongozi wa misafara, kazi aliyoifanya hadi mwisho. Sharti lake lilikuwa moja: ukuta wa sala lazima uwe mkono wako wa kulia, ndivyo sala zinavyotaka. Wakati wa kupanda si taabu, unapita upande wa mlima. Wakati wa kushuka ndipo watu hununa, kwa sababu inabidi kuzunguka chini kwa mtoni, kwenye matope. Mwaka mmoja mama mmoja wa kigeni alikataa, akakata njia ya mkato. Mjomba hakugomba. Aliketisha msafara mzima, yaki na wote, akaagiza chai ya siagi. Yule mama alipogeuka na kuona hafuatwi na mtu, alirudi akiwa mwekundu kwa hasira. Mjomba akamwambia kwa upole, "Mama, umefunga vifungo kinyume. Fungua, ufunge upya." Akazunguka. Kila mwaka mpya baada ya hapo alimtumia Mjomba soksi za sufu, na ndizo tulizomvika leo.

Mwaka 1981 alimwoa Yangzom, binti wa kijiji cha ng'ambo ya mto, mwanamke wa maneno. "Unawachongea wafu wote wa bonde hili," alikuwa akimwambia mbele yetu, "na jiko langu limebomoka tangu mavuno. Nife kwanza ndiyo nipate zamu?" Alifariki mwaka 2014. Mjomba alichonga jiwe lake majira yote ya baridi, na kwenye pembe, chini ya sala, akachonga na birika dogo la chai. Lama alikunja uso. Mjomba akasema, "Bila birika hatajua ni lake." Aliliweka upande wa mtoni, na kila aliposhuka alilipitishia mkono.

Tarehe 17 Septemba mwaka huu, 2023, tukiwa kambini juu kabisa, karibu na pale njia inapovuka mlima, Mjomba alianza kukohoa, na kabla ya mchana alikuwa akitoa povu lenye damu. Hapa kila mmoja anajua maana yake: ni ugonjwa wa mlima, mtu ashushwe chini haraka, la sivyo amekwenda. Siku hiyohiyo mgeni mmoja alilalamika kichwa kinamuuma na amechoka, na helikopta ikaitwa kwa ajili yake. Nilishukuru kichwa cha yule mgeni. Nilisema moyoni, Mjomba ameokoka.

Rubani alitazama watu, akatazama mizigo. "Hewa ya huku ni nyepesi. Mgeni na mzee, au mgeni na mabegi yake. Chagueni."

"Mabegi tutayabeba sisi!" nilipiga kelele. "Yashuke! Mpandisheni mzee!"

Mgeni akasema mabegi yake hayaachi, yataibwa. Wapagazi wanaobeba mizigo yake toka siku ya kwanza leo wamekuwa wezi! Nikapiga simu ya setilaiti kwa Bwana Rabin, mkuu wa kampuni ya misafara. Ameketi pale karibu na mlango, na skafu nyeupe shingoni. Simsemi kwa kificho. Alinijibu, "Dada Dolkar, helikopta ni ya bima ya mgeni. Mgeni asitenganishwe na mizigo yake. Mzee mpeni maji ya moto, mtafutieni farasi." Maji ya moto! Helikopta ikaruka, mabegi ndani, Mjomba chini ya blanketi akiitazama.

Tulimshusha kwa farasi usiku kucha. Tulipofika ukutani aliinua mkono kuonyesha mtoni. Nililia. "Mjomba, leo tukate tu. Buddha ataelewa!"

"Ataelewa," akasema. "Mimi ndiye sitaelewa."

Tukazunguka. Katikati ya ukuta alinyoosha mkono, akapapasa, akasema, "Yangzom hayupo." Tukadhani ugonjwa umempanda kichwani, tukamwambia nyamaza, pumzika. Alifariki mwisho wa ukuta, asubuhi ya tarehe 18 Septemba, kijiji kinaonekana.

Hakuwa amechanganyikiwa. Juzi Bwana Rabin alishuka hapa na mawe matano yaliyokutwa uwanja wa ndege wa mjini, kwenye begi la yule mgeni. Mgeni aliyang'oa tulipokuwa tukipanda, siku tuliyopumzika ukutani kunywa chai. La tatu lina birika pembeni. Nawauliza ninyi mliokusanyika: kiti cha Mjomba kilikaliwa na nani? Kilikaliwa na mke wake, aliyeibwa, amefungwa ndani ya begi, na mumewe akaachwa afe kwa kukosa nafasi. Na jiwe hilo limerudi kwa helikopta ileile. Kwa mawe, nafasi imepatikana mara mbili.

Marehemu ameacha mtoto wa kiume, Lhundup, aliye kazini nchi za Ghuba na ambaye hakupewa ruhusa ya kuja kumuaga baba yake, binti yake Butri ambaye ni mtawa, wajukuu watatu, dada yake Chodron ambaye ni mama yangu, na farasi wake, ambaye tangu siku ile hataki kupandwa.

Moto wa kumchoma Mjomba ukizima, Bwana Rabin atalibeba jiwe la Yangzom mgongoni mwake. Wazee wameamua, naye ameinamisha kichwa. Atapanda upande wa mlima, atauzunguka ukuta, atashukia mtoni kwenye matope, na hakuna atakayemsaidia. Atalirudisha mahali pake, na la Mjomba litakaa kando yake. Nimelichonga mimi, herufi zimepinda, nisameheni.

Lama ananitazama. Basi, Mjomba, nimemaliza. Hasira hii ni yangu, wewe usiibebe. Mkeo amerudi nyumbani. Shika njia yako, wala usigeuke nyuma.