Mikeka Mbele ya Mlango Wetu

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Nimeitwa kushuhudia, nami nimesimama, ingawa hadi leo mambo haya hayajakaa sawa kichwani mwangu. Mnivumilie.

Mimi ni Ramazani, wa hapa hapa mtaa wa Kasuku. Lotoko niliianza utotoni, wakati wa vita. Mji ulikuwa umezingirwa, treni haiji, mashambani hakuendeki, na sisi watoto tukagundua kwamba kikombe cha pombe ile ya mahindi kinalaza njaa. Baba yangu alipigwa risasi akienda kutafuta mihogo. Tulimzika haraka haraka nyuma ya nyumba, milio ya bunduki haikomi, na hakuna aliyekaa matanga. Mama alisema tutalia vita vikiisha. Vita vikaisha. Hatukulia!

Nikakua. Nikaenda machimboni, kule kunakoitwa Kama, kuchimba dhahabu, nikarudi na kiu tu. Ndugu zangu, nilikuwa na kazi moja: matanga! Mnajua zamani ilivyokuwa kwetu, penye msiba lotoko ilizunguka bure kwa vijana. Nikiona mikeka imetandikwa mbele ya nyumba ya watu, nimeshafika. Nililia kuliko wenye msiba! Niliwalilia watu ambao hata majina yao sikuyajua, nikaongezewa kikombe kwa sababu nalia vizuri. Tumbo likaanza kuvimba. Daktari akaniambia wazi kwamba nikiendelea kunywa nitakufa. Nikamwambia asante, nikaenda matanga.

Sasa sikilizeni. Mchana mmoja natoka bandarini, kichwa kizito, naona mikeka. Wamama wa avenyu, barabara yetu nzima, wamekaa chini, vitambaa kiunoni, na katikati yao Mama Zaina, jirani yetu Mwislamu. Nilifurahi, Mungu anisamehe! Sikutazama hata nyumba ni ya nani. Nikajitupa mkekani nikaanza kazi yangu: "Uwiii! Umetuacha na nani!" Kikombe kikaja. Nikameza. Tangawisi! Tangawizi na sukari, inaunguza koo kweli, lakini pombe hakuna hata tone.

"Mama Zaina," nikasema, "hii njo nini? Na nani alikufa?"

"Njo weye, mutoto yangu. Tunakulilia mapema, kusudi usikie."

Nikacheka. Hakuna mwingine aliyecheka. Nikageuka kutazama mlango, kumbe ni mlango wetu! Na mama yangu amekaa kizingitini, kichwa kimenyolewa. Ndugu zangu, kimenyolewa! Hata kwa baba hakupata nafasi ya kunyoa.

Kilio kikanitoka, na safari hii sikuwa natafuta kikombe. Nililia nikiita, "Baba! Baba!" Wamama wakanipokea, na mama naye akamwita mume wake kwa jina, mara ya kwanza tangu vita. Sasa niambieni nyinyi: msiba ule ulikuwa wa nani? Nilimlilia baba, au nilijililia mwenyewe? Na Bwana aliingia saa gani? Mchungaji wetu alikuwa ameniombea miaka mingi, ndiyo. Mama Zaina naye alisoma dua yake, mkono wake begani pangu. Nimejaribu kupambanua, nimeshindwa.

Wala siwadanganyi, kiu ilirudi kesho yake. Wamama nao wakarudi. Kila nilipoteleza nilikuta mikeka mbele ya mlango na tangawisi imeshachemka, mpaka nikaona aibu kuwachosha. Leo avenyu yetu haitoi tena lotoko matangani. Vijana tunatwanga tangawizi wenyewe, na mikeka naibeba mimi, Ramazani, mlevi wa jana!

Namshukuru Bwana, ambaye bado simwelewi, lakini nipo hai na mama ameotesha nywele. Na wewe kijana unayenuka lotoko hata sasa humu ndani, usiinamishe kichwa. Mtumaini Yeye hata kama umechanganyikiwa kama mimi. Tena nikwambie, leo tukitoka ibadani mikeka inakwenda kwenu. Ukiikuta mbele ya mlango, usiulize nani amekufa. Kaa ulie na sisi, bado unasikia.