Papa Evode na Mpaka Uliochipua

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi, Papa Evode Nzabandora atakabidhi funguo za trekta ya ushirika wetu wa Burungu na kwenda kupumzika kwao Muheto. Ameomba tusiandike mengi. Atuvumilie, maana mimi kama sekretere nimevumilia miaka yote hiyo ripoti zake zilizoandikwa nyuma ya mifuko ya mbegu.

Alianza kwa kushona mifuko kwenye depo ya viazi. Jioni alikuwa akimsaidia fundi kuosha vipuri, na siku fundi alipohama tukagundua kwamba fundi mwingine tunaye tayari. Mara mbili, kwa ajili ya vita, ilitubidi kuondoka Burungu na kuacha kila kitu. Mara ya pili Papa Evode alifungua volani, yaani usukani wa trekta, akaibeba kichwani mpaka Mpofi, kwa shemeji zake, akiamini kwamba trekta isiyo na volani haimvutii mtu. Watu wa Mpofi walipoona mwanamume anaingia kijijini na volani bila gari, wakamwita Papa Volani. Alirudi na volani na jina pia. Trekta tuliikuta pale pale, kuku ametaga kwenye kiti.

Kwa hiyo mtaelewa alivyojisikia tulipopata mtambo wa kuiongoza trekta kwa setilaiti. Volani yake iliondolewa ikawekwa depo, ikafungwa nyingine inayojizungusha. Siku ya kwanza alikaa mikono magotini, kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. "Nilibeba volani ku kichwa mpaka Mpofi," alisema, "na sasa munanipa ingine yenye haitake mikono yangu." Tulicheka sana. Baada ya wiki moja ilikuwa vigumu kumtoa kwenye kiti.

Shida ilikuwa mipaka. Vipande vyetu ni vyembamba, na kila kimoja kilizungushiwa miyenzi, ile miti yenye utomvu mweupe. Trekta haikuweza kulima hatua ishirini bila kugeuka. Wanachama wakakubaliana kuing'oa miyenzi hiyo, ili mtambo uhifadhi mpaka wa kila familia. Jambo hilo si dogo kwetu. Majirani wawili hupanda miyenzi pamoja, wote wakishika kijiti kimoja, kisha hunywa kasikisi, pombe yetu ya ndizi, kutoka kibuyu kimoja. Papa Evode alipita nyumba kwa nyumba kuwaomba. Wa mwisho kukubali alikuwa Mama Nyiransabimana, mjane mwenye kipande chembamba kuliko vyote, na ndicho pekee alichoachiwa kulelea watoto. Alimjibu hivi: "Mi siyue satelite. Niko nakuyua weye."

Msimu wa pili mvua zilipokolea, mabaki ya mizizi yakachipua. Mama Nyiransabimana alikuta miyenzi yake imeota katikati ya viazi vya jirani yake, Hakorimana, hatua nzima kutoka pale mtambo ulipouweka mpaka. Hakorimana alisema kweli: alipanda pale trekta ilipopita. Kufika mchana, shamba lilijaa watu, na familia nyingine zikaanza kuuliza mipaka yao iko wapi. Siku hiyo tuliogopa. Hatua moja ya udongo imeshawahi kutenganisha ndugu katika vilima hivi, na sisi ndio tuliowaambia wang'oe.

Ingekuwa rahisi kuzilaumu setilaiti, ambazo ziko mbali na hazijibu. Papa Evode aliomba siku moja tu, akajifungia na kitabu cha mtambo, kurasa mia mbili za Kifaransa. Akaelewa. Setilaiti peke yake hukosea kwa hatua kadhaa, ndiyo maana trekta hutumiwa masahihisho na antena iliyosimama mahali inapopajua. Antena yetu ilisimama kwa miguu mitatu kwenye uwanja wa laiteri, pale maziwa yanapokusanywa, na ng'ombe waliipenda sana kwa kujikunia, wakiisogeza. Kila asubuhi Papa Evode aliirudisha kwa kukisia, akaiwasha, nayo ikajikadiria upya mahali ilipo. Antena ikihama, mipaka yote inahama nayo. Aliyasema hayo mbele ya wanachama wote, kofia mkononi: "Mashini haina kosa. Ni mie sikuiambia fasi iko."

Ikabidi kuchagua upya chanzo cha masahihisho. Alijaribu yale ya simu. Mtandao wetu huondoka mara mafuta ya mnara yakiisha, na trekta ilisimama mara saba kabla ya saa sita. Akajaribu yale yanayoshuka kutoka setilaiti yenyewe. Yalikuja vizuri, ila yalichukua karibu nusu saa kutulia, na bado yalikosea kwa upana wa kiganja. Wengi waliona kiganja kinatosha. Yeye alikumbuka kipande cha Mama Nyiransabimana akakataa. Alirudi kwenye antena ileile iliyomwaibisha, safari hii juu ya nguzo ya saruji, kwenye kilima kinachoona mashamba yote, imezungushiwa waya kwa ajili ya ng'ombe. Mahali pake palipimwa mara moja na kuandikwa ndani ya mtambo. Mama Nyiransabimana na Hakorimana ndio walioshika pamoja chuma cha nguzo kikisimamishwa kwenye saruji mbichi, kisha kibuyu kikapita. Papa Evode akazunguka shamba siku nne, akifuata machipukizi, akauandika upya mpaka wa kila familia. Hakorimana alirudisha ile hatua pamoja na viazi vilivyokuwamo.

Tangu hapo, kila asubuhi ya kulima, Mama Nyiransabimana alikuja kusimama kando ya chipukizi moja lililoachwa. Papa Evode alileta gurudumu la mbele mpaka pale, mama akatazama, akaenda zake. Ikawa hivyo misimu mitano. Mwezi Machi mwaka huu hakuja. Papa Evode alizima trekta akaenda kwake kwa miguu, akidhani anaumwa, akamkuta anachambua maharagwe. "Papa Evode, nikuje kufanya nini?" mama alimwuliza. "Mupaka iko pale."

Alirudi akijipangusa macho kwa kitambaa chenye grisi, na wote tuliona grisi usoni mwake.

Papa Evode, asante kwa mistari iliyonyooka, na zaidi kwa ile siku uliyosema kosa ni lako. Asante pia kwa Mama Rosalie, mkeo, kwa kufua nguo zile zenye grisi miaka yote. Chantal, uliyemfundisha, atashika trekta, na ng'ombe hawaifikii tena antena. Tunakuombea afya, usingizi mrefu na wajukuu wenye kelele. Siku ya sherehe utapewa ile volani ya zamani. Mama Nyiransabimana ameomba akukabidhi yeye mwenyewe, na sisi sote tutasimama njiani kukuona ukiibeba kichwani, safari hii kwenda nyumbani.